China, Amerika na Ng'ombe wa Lynette

"Hapa hakuna maoni! Rudi na hiyo mashine yako huko ulikotoka!"

Maximilla alisimama langoni, tableti kifuani, vumbi la Chepsaita limempanda mpaka magotini. Boma hilo lilikuwa la tano tangu lile aliloingia mwisho, na kazi yao ya kukusanya maoni ina sheria: unahesabu nyumba, ya tano ndiyo yako. Hata kama kuna mbwa. Hata kama mwenyewe ana mdomo. Supavaiza wao, Gichuru, alikuwa anawafuata kwa ramani ya simu. Ukiruka nyumba, anajua.

"Mama, ni dakika ishirini tu. Siulizi mambo ya kura."

"Unauliza nini basi?"

"China na Amerika. Vile siku hizi hawasikizani, wanawekeana ushuru, wananuniana. Wanataka kujua mwananchi anaonaje."

Mwanamke yule, Lynette kwa jina, aliweka chini ungo wa maharagwe. Akacheka kicheko kibaya.

"Hao? Ingia. Ingia ukae kabisa. Hao wawili ndio wamenibomolea nyumba na hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Akamsukumia stuli kwa mguu.

"Andika hivi: Lynette anawachukia wote wawili. Wanakosana huko kwao, mimi hapa Turbo nanyang'anywa ng'ombe."

"Pole, mama. Sasa ng'ombe inaingilia wapi?"

"Mzee wangu anauza spea za pikipiki huko Eldoret. Ati Amerika imegonga China na ushuru, China ikakasirika, kontena yake imekwama bandarini. Siku nne kwa wiki analala dukani, ati analinda stoki. Juzi, wiki tatu sasa, akaja na lori akachukua ng'ombe yangu. Nyekundu, pembe moja imevunjika. Nilipewa na mama yangu nikizaa Joy. Ati anaokoa biashara."

Mchumba wa Maximilla naye aliuza spea Eldoret. Naye alikuwa na kontena zilizokwama, na kwa ajili ya hizo posa yao iliahirishwa mara mbili. Lakini wauza spea Eldoret wamejaa, akajiambia, na kila mmoja analia. Jumamosi hii wazee wa mchumba walikuwa wanaenda kwa baba yake Maximilla, Kimilili, kumaliza maneno ya posa. Viti vilikuwa vimeshakodishwa.

Akainamia kazi.

"Mama, kwanza naandika watu wazima wote wanaokula chungu kimoja hapa. Halafu tableti inachagua mmoja. Huyo ndiye nitamuuliza."

"Lynette Nabwire. Thelathini na nne."

"Mwingine?"

"Mwenye boma. Javan Wanyama. Thelathini na tisa."

Kidole cha Maximilla kiligoma hewani.

"Unajua kuandika Javan ama nikutajie herufi?"

"Najua, mama. Nimeliandika mara nyingi."

Akabonyeza. Tableti ikazungusha kaduara kake, ikafikiria, ikachagua.

"Imechagua mzee."

"Ona! Hata mashine inapendelea wanaume!" Lynette alishika simu yake, akapiga, akaweka sauti kubwa. "Baba Joy, maliza hapo kwa kinu cha unga ukuje. Kuna msichana wa maoni anakutaka."

"Maoni ya nini?"

"Ya China yako na Amerika yako."

Sauti ile ikacheka. Kicheko ambacho Maximilla alikijua mpaka mwisho wake, mahali kinapogeuka kikohozi.

"Basi amefika kwa profesa. Mpe chai, nakuja."

Maximilla alitoa simu yake na kusoma tena meseji ya asubuhi: "Maxi wangu, niko Moi's Bridge napakia mahindi ya sherehe. Netiwaki mbaya. Enda Ziwa salama, kazi njema. Jumamosi naleta wazee, baba yako atafurahi."

Mji wa Ziwa ndiko alikuwa amepangiwa kuuliza maoni siku hiyo. Gichuru aliwabadilishia asubuhi hiyo hiyo wakiwa stejini wakingoja gari, na hakuwa amepata nafasi ya kumwambia Javan.

Pikipiki iliingia uani. Javan akashuka, gunia la unga begani, akisema hata kabla hajatazama, "Haya, wapi huyo wa..."

Gunia liliteleza likaanguka. Halikupasuka, kwa bahati.

"Habari yako... madam," akasema.

"Nzuri, mzee. Keti nikusomee idhini. Majibu yako ni siri. Unaweza kukataa swali lolote. Unakubali kuendelea?"

"Leo niko na haraka. Labda siku ingine..."

"Keti!" Lynette alifoka. "Kila siku unanihubiria China. Leo umepata mtu wa kuandika, unaogopa?"

Javan akaketi, tena pembeni, kama mtu aliyekalia kiti kilicholowa.

"Swali la kwanza," Maximilla alisoma. Wamefundishwa kusoma neno kwa neno, bila kukunja uso. "Kwa maoni yako, ni nani wa kulaumiwa zaidi kwa uhusiano wa mataifa haya kuharibika? China, Amerika, au wote wawili?"

"Sijui."

"Hujui?" Lynette alimgeukia. "Wewe? Jumapili si ulinieleza mpaka mchele ukaungua?"

"Basi weka Amerika."

"Nimeweka. Swali la pili. Ugomvi huo umeathiri maisha yako kwa kiasi gani? Sana, kidogo, au haujaathiri kabisa?"

"Kidogo."

"Kidogo?" Lynette alisimama. "Ng'ombe yangu imeenda na kidogo?"

"Sana! Weka sana."

"Sana. La tatu. Unadhani Kenya ishirikiane zaidi na nani? China pekee, Amerika pekee, au wote wawili?"

"Wote wawili," Javan alijibu haraka, kisha akaonekana anatamani kulimeza jibu lake.

"Taja namna moja ambayo ugomvi huo umekuathiri."

"Kontena imekwama."

"Gani? Ile ya mwezi wa nne ama ile ya mwezi wa nane?"

Hilo halikuwa kwenye tableti. Lynette akageuka polepole.

"Msichana. Wewe umejuaje ziko mbili?"

"Mama Joy, huyu ni kastoma tu!" Javan aliruka. "Alinunua mnyororo dukani siku moja, tukaongea maneno ya biashara."

"Kastoma," Maximilla alisema. Aliilaza tableti juu ya nyasi, kioo kikitazama chini. Akatafuta picha kwenye simu yake. "Mama, nisamehe. Tazama hii."

Lynette aliichukua simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akaivuta tena.

"Hii pembe ni yake. Hii ni ng'ombe yangu. Imefungwa wapi hapa?"

"Kwa baba yangu. Kimilili. Ni ya mahari yangu. Jumamosi wazee wake wanakuja kumalizia."

Lynette akamrudishia simu yake.

"Na wewe hukujua?" Lynette alimsogelea mpaka pumzi zikakutana. "Msichana mzima, umepewa mashine ya kuhesabu watu katika kila boma, ukashindwa kuhesabu boma la huyo unayelala naye?"

"Nilishindwa. Aliniambia mke wake alimkimbia, akaolewa Kampala."

"Kampala! Mimi? Mimi hata Malaba sijawahi kufika!"

"Nisikizeni," Javan alisema, mikono juu. "Tuongee kama watu wazima. Mwanaume wa kwetu kuoa wawili si jambo geni. Babu yangu alikuwa na watatu."

"Babu yako alitoa ng'ombe zake! Hakuiba za mke wa kwanza kuolea wa pili! Na uniambie leo, profesa, ushuru wa Amerika unafikaje kwa mnyororo wa boda wa Turbo? Eti? Nilikuwa nakusikiza tu kama redio!"

Javan akamgeukia Maximilla, sauti ikalainika.

"Maxi, wewe unajua moyo wangu. Ningekuambia. Nilingoja tu hali itulie, hao wakubwa wapatane, biashara irudi..."

"Javan, wiki hii nimeuliza watu arobaini na moja. Kuna mama analaumu China kwa sababu simu yake ilikufa ndani ya mwezi mmoja. Kuna mzee analaumu Amerika kwa sababu ya mahindi. Kila mtu ana kisirani chake na nimeandika vyote. Lakini mtu wa kuwafanya Mchina na Mwamerika wawe washenga wake, ni wewe peke yako."

"Maxi..."

"Usiniite hivyo mbele ya mke wako. Hata nyuma yake."

Akapiga simu nyumbani. Sauti kubwa, wote wasikie.

"Mulembe, Baba."

"Mulembe, mwanangu! Turubai imefika. Wajomba wa Webuye wanakuja kesho."

"Baba, ile ng'ombe nyekundu si ya Javan. Ni ya mke wake. Niko kwao sasa hivi."

"Mke gani?"

"Yule wa Kampala. Hakuenda Kampala."

Mzee Wabuge, baba yake, alivuta pumzi ndefu. Kisha sauti yake ikaanza kupanda, neno kwa neno.

"Maximilla. Nimeita ukoo mzima. Nimeita kanisa. Mama yako amekushonea nguo. Unataka nisimame mbele ya hao watu niseme nini? Kwamba binti yangu alichaguliwa na mwizi wa ng'ombe?"

Lynette alimpokonya simu.

"Mzee, mimi ndiye mwenye ng'ombe. Mnaikamua?"

"Tunaikamua, mama. Asubuhi na jioni."

"Inasimama mkiikamua?"

"Haisimami. Inapiga teke, na ni mguu wa kulia tu."

"Ni yangu," Lynette alisema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kwa sauti, bila kujifunika. Javan alinyoosha mkono amguse. Akaupiga kofi ule mkono hata majirani wakachungulia.

"Mama, sikiliza," mzee alisema, sauti imeshuka. "Mimi ni maskini lakini sijawahi kula cha mwenzangu. Jumapili nitaileta mwenyewe, na maziwa ya siku hizo zote tutaongea. Mpe binti yangu simu."

Maximilla akaichukua.

"Baba, watu wa Jumamosi je? Nitawatazamaje?"

"Waache waje. Wataambiwa ukweli, watakula, watasema, watachoka. Aibu ya kudanganywa si yako."

"Nilifikiri nisije nyumbani kwanza. Mpaka yapoe."

"Usipokuja ndipo watajua tumeshindwa. Panda gari kesho asubuhi. Na uvae ile nguo."