Mzee Aliyeitikia Kule Como

"Laki tatu na nusu, Careen! Kwa picha ya kiti kitupu?"

"Nilinunua mzee, kaka. Mzee kakaa kwenye kiti. Mimi si tapeli!"

Wilbard aliigonga picha kwa kidole. Alimtumia dada yake hela hiyo alipokuwa Italia, amletee pambo la sebuleni. Sasa, mchana kweupe, upepo wa Same ukibamiza mabati, anaonyeshwa kiti.

Careen, ambaye haachi neno limpite, alianza kumsimulia. Anachora mabango ya maduka pale stendi, kazi aliyojifunza mwenyewe, na miaka yote alijichanga akaione michoro ya miji ya kando ya maziwa ya kule Italia. Mji wa Como, kwenye ukuta wa jumba la sanaa, alikutana na mzee aliyechorwa kakaa kitini, fimbo magotini. Neno likamponyoka, kama yuko nyumbani, njia ya Chome.

"Shikamoo."

"Marahaba," mtu akanong'ona. Chumbani hapakuwa na mtu.

Akajicheka. Kujihakikishia kwamba ni rangi tu, akanunua nakala ya picha ile. Mji uliofuata, Bellagio, akatazama mchoro wa harusi: nyuma ya bibi harusi, fimbo ile ile. Kisha mji wa Varenna, mchoro wa ziwa tupu. Mzee alikuwa mbele kabisa. Mdomo wazi kidogo. Anasubiri aambiwe kitu.

Wilbard alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukamwamkia, halafu ukamwacha hapo hapo? Hukumkaribisha?"

"Nimkaribishe wapi? Italia ni kwangu?"

"Mama alitufundisha hivyo?"

Careen aligeukia mlangoni. Alikuwa anatazama barazani.

Mvua haijanyesha Same tangu Pasaka. Lakini saruji ilikuwa na nyayo za maji. Zinakwenda. Zinarudi. Zinakwenda tena, kama za mtu aliyechoka kungoja. Wilbard akainama, akagusa. Kidole kikatoka na rangi mbichi.

Nyayo za mwisho ziliishia kizingitini. Vidole vikitazama ndani.

"Mama yuko wapi?" Wilbard akanong'ona.

Mama yao, Asnath, alikuwa uani akichambua maharage. Hakuna aliye hai mtaa ule anayemzidi umri. Wote humwamkia yeye.

Wakamsikia, sauti yake ndogo kama ya mtoto.

"Shikamoo, baba."

Upepo ukakata.

"Marahaba," mtu akaitikia. "Mwambie binti yako nimefika. Naidai ile 'karibu' aliyoninyima."