Namba Kwenye Kiganja

Kila asubuhi, baada ya chai ya maziwa ya ngamia, Sahro alikuwa macho ya babu yake. Mzee Nunow alikuwa baharia miaka mingi kabla ya kurudi Tarbaj, na sasa macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alimfundisha mjukuu wake kupima urefu wa jua angani, kisha kupiga hesabu kwa rula ya zamani ya mbao yenye ulimi unaoteleza katikati.

"Kitendawili!" mzee alisema siku moja, wakiwa tayari ndani ya lori la maji.

"Tega, Awowe," Sahro alimwitikia babu yake.

"Nikimficha ananipoteza, nikimwonyesha ananifikisha."

"Jua?"

"Jua nani awezaye kulificha? Nipe mji."

"Chukua Garissa."

"Garissa ni ndogo kwa kitendawili hiki. Kaa nacho."

Mzee alitania, lakini hakucheka. Osob, mama yake Sahro, alikuwa amehama na mbuzi kuelekea mashariki, mtoto mchanga akiwa mgongoni. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa na namba za mahali alipo, na maneno machache: Maji yamebaki mitungi miwili. Tangu hapo siku nne zilikuwa zimepita, kimya. Sasa walikuwa wakimpelekea maji, kwa barabara ya mashariki hadi njia panda, kisha kulia.

Vumbi lilikuwa limetanda hata vilima havionekani. Jua lenyewe lilikuwa jekundu, kama jicho la mgonjwa. Simu ya Keynan, dereva, ilikuwa na ramani, lakini ilianguka jana ikapasuka. Ya mzee ilikuwa mulika mwizi, ya tochi tu, isiyo na ramani.

Saa tatu Keynan alisimamisha lori, akamgeukia mzee. "Adeer, ami yangu, vumbi limeficha njia, lakini nadhani hapa ndipo pa kukata kulia. Lakini mtu hanywi nadhani."

"Tutaliuliza jua," mzee alijibu. "Sahro, chukulia tumefika kwenye njia panda. Rula itakwambia jua lingekuwa juu kiasi gani tukiwa pale. Kisha upime lilivyo kweli. Zikitofautiana, tofauti ndiyo itatuambia tuko mbali kiasi gani."

Sahro alipanga namba kutoka kwenye saa ya mzee na kitabu chake cha jua. Mara ya kwanza aliteleza.

"Hapo umetupeleka Ulaya, wallahi!" Keynan aliangua kicheko. "Tafuta koti!"

Sahro aliona aibu. Alirudia hesabu, akapata digrii arobaini na moja na dakika kumi, zile dakika za pembe ambazo sitini hufanya digrii moja. Kisha akaweka sufuria ya oili chafu chini, nyeusi na tulivu kama kioo. Kwa chombo cha babu chenye vioo vya giza akapima pembe kati ya jua la juu na jua la ndani ya sufuria, akaigawa kwa mbili. Aliandika jibu kwa kalamu kwenye kiganja: arobaini, hamsini.

Hazikulingana. Zilipishana kwa dakika ishirini.

Nimekosea tena, alifikiri. Keynan atacheka, Awowe atasema anza upya. Shuleni, hesabu ikikataa kufanana na jibu la nyuma ya kitabu, Sahro aliipika mpaka ifanane, na mwalimu akaweka alama ya vema. Akafumba kiganja.

"Arobaini na moja na kumi, Awowe."

"Sawasawa na ya rula?"

"Sawasawa kabisa."

Mzee alikunja uso. "Miaka yote baharini hazikuwahi kulingana kabisa," alinong'ona. "Haya, Keynan. Kata kulia."

Saa nzima walikwenda kusini. Miiba ilizidi kusongamana, ikikwaruza lori kama kucha. Hapakuwa na kinyesi cha mbuzi wala alama ya kwato. Juu ya mti mkavu walikaa tai saba, hawaruki, hawatazami pengine ila kwenye lori. Keynan aliacha utani. Alitazama mshale wa mafuta.

"Adeer, mafuta yanabeba kosa moja tu. Kama hili ndilo, hakuna la pili."

Sahro alifumbua kiganja polepole. Jasho lilikuwa linakula wino. Ile hamsini ilikuwa imeanza kuyeyuka, na muda mfupi ujao ukweli usingekuwa umeandikwa popote.

"Awowe, nimedanganya!" alilia. "Hazikulingana. Niliogopa."

Keynan alipiga usukani kwa ngumi. "Mama yako yuko huko bila maji, na wewe..."

"Mwache," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Soma kilichobaki, mwanangu."

"Arobaini... hamsini."

"Pungufu dakika ishirini. Kila dakika ni maili moja ya bahari. Jua liko mashariki, na lilikuwa chini kuliko rula ilivyosema. Basi sisi tulikuwa nyuma. Njia panda hatukuwa tumeifikia. Imebaki kama kilomita thelathini na saba."

Walirudi wakifuata alama za magurudumu yao wenyewe, upepo ukizifuta mbele yao. Walipoifikia barabara zilikuwa zimebaki mikwaruzo tu. Wakaendelea mashariki, Keynan akihesabu kilomita kwa sauti. Ya thelathini na tano ilipotimia, njia panda ikatokea vumbini, wakakata kulia.

Alasiri waliwakuta Osob na mtoto. Mtungi ulikuwa umeinamishwa juu ya bakuli, haudondoshi kitu. Mbuzi watatu walikuwa wamekufa. Osob alitia maji kwenye midomo ya mtoto kabla ya kunywa mwenyewe.

"Mngechelewa mpaka kesho..." alisema kwa sauti iliyokauka, wala hakumaliza.

Sahro alipiga magoti karibu na babu yake. "Jibu la kitendawili ni kosa, Awowe. Nikilificha linanipoteza, nikilionyesha linanifikisha."

"Umekitegua, baki na Garissa yako," mzee alisema. "Baharini hatukumwogopa anayekosea. Tulimwogopa anayelazimisha namba zilingane. Jibu la kupikwa litakupa alama darasani, lakini huku nje kuna watu wanaolisubiri wakiwa na kiu. Kosa lako ulilete mezani likiwa bichi, tulitazame pamoja."

Keynan, akimimina maji birikani kwa mbuzi waliobaki, aliuliza, "Na kesho tukirudi, nani atapima jua?"

Mzee alipapasa mfukoni, akatoa rula, akaiweka juu ya kiganja cha Sahro chenye madoa ya wino.

"Huyu huyu. Ameshaona kiu inakotoka."