Pasti Kwenye Kiti cha Pikapu

Duka la vifaa pale mjini Hancock lilifurika watu. Redio ilikuwa imetangaza theluji ya futi mbili kabla ya Jumapili, na watu waligombea chumvi na makoleo utadhani vinagawiwa bure. Duane Hietala, dereva wa basi la shule, mwanamume wa miaka thelathini na sita mwenye ndevu nyekundu na mdomo usiopumzika, alisimama kwenye foleni akimsimulia kila aliyemkaribia habari za beleshi lake jipya: la chuma, upana futi saba na nusu, la kufunga mbele ya pikapu na kusukumia theluji.

"Na bima yako umeiambia?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mwanamke mwenye koti jekundu la sufu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, mashavu yamewiva kwa baridi, amekumbatia gunia la chumvi.

"Bima inahusika nini? Pikapu yangu, beleshi langu."

"Watano waliniambia hivyo hivyo mwaka jana. Mmoja sasa anatembea kwa miguu."

"Kwani wewe ni nani, dada?"

"Corinne Pelto. Wakala wa bima, ofisi ile yenye mlango wa buluu. Na umenikanyaga."

Jumatatu Duane alikuwa kwenye mlango wa buluu, amechana ndevu. Corinne alitoa fomu. Siku hiyo alivaa sweta ya kijivu na hereni ndogo za lulu, na Duane alisahau mara mbili namba ya gari lake mwenyewe.

"Beleshi tunaliandika kama kifaa cha nyongeza, la sivyo likivunjika ni juu yako. Utasafisha wapi?"

"Kwangu, na kwa mama."

"Kwa malipo?"

"Mama yangu anilipe? Humjui!"

"Duane, nisikilize. Ukisafishia watu kwa malipo, hiyo ni biashara, na bima ya gari binafsi haikukingi. Ukibomoa baraza la mtu, kampuni inakupa kisogo."

"Nimekusikia, bosi. Sasa, hakuna swali hapo la kama wakala ana mume?"

Corinne alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Kisha akaandika "Bila malipo" kwa mkono wake na kutia sahihi chini ya ile ya Duane.

Desemba yote walikuwa chanda na pete. Ijumaa walikula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, Jumamosi waliketi kwenye sauna, bafu la mvuke la mama yake Duane, na katikati ya wiki simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe endesha polepole, ndevu zako sijazikatia bima."

Theluji nayo haikukoma. Duane alimsafishia jirani yake, Bi Aili Ruona, mwenye miaka themanini na minne. Jirani wa pili akaona, akapunga mkono. Mpaka Januari nyumba zilikuwa zimefika kumi na nne. Dola hata moja hakupokea, na angeona aibu kupewa. Lakini barabara ile haina mtu anayekubali kusaidiwa akakaa kimya. Kila alipomaliza na kuingia kwa mtu kunywa kahawa, alikuta kitu kwenye kiti cha pikapu: pasti za moto, kama sambusa kubwa za kuoka zilizojaa nyama na viazi, chupa ya jamu, pingili ya soseji ya nyama ya paa. Alivila vyote na hakuviwazia hata kidogo.

Jumamosi moja Corinne alifungua mlango wa pikapu ili waende matembezi, na hakupata pa kukaa. Kulikuwa na pasti sita, jamu, pai ya tufaha na skafu ya kijani.

"Hii skafu kafuma nani?" aliuliza taratibu.

"Renee wa nyumba ya njano. Yule aliyeachana na mumewe."

"Umemsafishia?"

"Mara nne, tano hivi."

Corinne akafunga mlango. "Nirudishe nyumbani. Kichwa kinaniuma."

Duane akaondoa vitu kitini, akamrudisha. Jioni akapiga simu. "Corinne, mimi na Renee hatuna lolote, naapa. Kahawa tu, na mbwa wake alikuwepo."

"Siyo Renee."

"Basi ni nani?"

"Duane, tafadhali. Usiniambie umemsafishia nani wala umepewa nini. Usiniambie kitu!" Akakata simu.

Mwanamke gani huyo asiyetaka kuambiwa? Usingizi ulimpaa wiki nzima. Mwishowe akaamua kwamba dawa ni kurudisha kila kitu, hata zile pasti, na Ijumaa asubuhi, shule zikiwa zimefungwa kwa theluji, akapita mlango kwa mlango. Renee alimrushia skafu kifuani. Saa tatu mama yake akapiga simu.

"Duane, umeingia dhehebu gani? Barabara nzima inaniuliza!"

"Mama, hata mimi sijui."

Bi Aili alipokea kitambaa chenye pasti zake, akamtazama juu mpaka chini. "Zimekosa chumvi?"

"Hapana, Bi Aili."

"Basi usije tena kwangu." Akamfungia mlango.

Duane alirudisha pikapu nyuma machozi yakimlengalenga, akageuza vibaya, na ncha ya beleshi ikaling'oa sanduku la barua la Bi Aili pamoja na nguzo yake. Akashuka kulitazama lilivyolala kwenye theluji. Jambo la kwanza lililomjia ni bima. La pili lilikuwa fomu, na mwandiko wa Corinne juu yake: bila malipo.  Kama chakula ni malipo, alikuwa amemtia mpenzi wake kwenye uongo, pasti moja baada ya nyingine.

Aliingia ofisini buti zikimwaga maji. Corinne alikuwa amevimba macho.

"Nimegonga sanduku la barua," Duane akasema. "Na ninasafisha nyumba kumi na nne. Wananipa chakula. Andika."

"Nikiandika, itabidi nimweleze bosi wangu Gerald kwamba niliona wiki nzima nikanyamaza. Naweza kupoteza leseni."

"Mbona hukuniambia kuwa ni hilo?"

"Kwa sababu nilichanganyikiwa! Wakala anatakiwa aripoti. Mpenzi wako alitaka kukufichia. Kila asubuhi niliamka nisijue leo mimi ni yupi."

"Mimi nilidhani ni ile skafu."

"Skafu mbaya vile? Mungu wangu, Duane."

Akainuka, akagonga mlango wa bosi wake, akaingia. Dakika kumi Duane alisikiliza sauti ya Gerald ikipanda na kushuka. Corinne akatoka.

"Leseni bado ninayo. Ila bima yako siruhusiwi kuigusa tena."

Gerald, mzee mnene mwenye miwani kwenye paji la uso, alikuja na fomu mpya, akajitupa kitini.

"Pasti ni malipo?" Duane akamuuliza.

"Sijui. Hata makao makuu hawatajua. Tunaandika biashara, tulale. Ada itapanda. Fomu inauliza: kuna dereva mwingine nyumbani kwako?"

Duane akamtazama Corinne. "Muulize huyu."

"Niulizwe nini?" Corinne akashtuka. "Duane, unaniposa? Mbele ya Gerald?"

"Nadhani. Eeh. Ndiyo."

"Na pete?"

"Sina. Nilikuja kwa ajili ya sanduku la barua."

Corinne alicheka na kulia kwa pamoja, akavuta kiti, akaketi upande wa wateja, bega kwa bega na Duane.

"Andika, Gerald," akasema. "Corinne Pelto. Hilo Pelto liandike kwa penseli, lifutike."