Nilimsifu Rafiki Mbele ya Mwandishi wa Gazeti, Bwawa Likaenda Kwake

Nina umri wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watano, na nyumbani ni kijiji kilicho nyuma kidogo ya soko la Mbumbuni. Ndugu wasomaji, haya yalinipata miaka ya themanini, baada ya ile njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa na pesa ninazo mkononi. Watu hunishangaa nikiyasimulia, kwa sababu silii. Machozi yalikwenda wapi? Sijui... Nimeyatafuta sikuyaona.

Wakati huo nilikuwa mwimbishaji wa mwethya wetu, kikundi cha akina mama wanaochimbiana mitaro mashambani kwa zamu. Kwa Kikamba huitwa ngui. Yeye huanzisha wimbo na wenzake huitikia huku majembe yakishuka. Humsifu mwenye shamba, humsifu chifu, humsifu hata aliyeleta uji. Nyanya yangu, aliyenirithisha kazi hiyo, alinionya jambo moja: ngui hajiimbi. Anayejitaja katika wimbo wake huchekwa mpaka na watoto.

Ni mimi niliyewaambia wenzangu tuache mitaro kwa muda, tujenge bwawa kwenye kijito kilicho chini ya kijiji chetu. Kwa nini mimi? Mgongo wangu ulikuwa umeharibika baada ya kujifungua kitindamimba, na binti yangu wa kwanza, Mwende, alikuwa ameacha shule ili anichotee maji. Kwenda mtoni na kurudi kulimaliza asubuhi nzima. Alikuwa darasa la saba, na akili alikuwa nazo! Nilimwahidi kwamba maji yakifika karibu, atarudi shuleni.

Tulichimba kiangazi chote kwa mikono yetu. Mvua ya kwanza ikabomoa ukuta, siku moja tu! Tulihitaji saruji na fundi, kwa hivyo tulihitaji mfadhili. Na wafadhili, tuliambiwa, huenda kule walikosoma habari zake gazetini.

Nikapewa kazi ya kumtafuta mwandishi. Kwanza tulimwandikia Bwana Musyoki, aliyekuwa akiliandikia gazeti moja kutoka Machakos mjini. Tulijaza majina ya kamati yote, kuanzia mwenyekiti, na salamu za chifu, na maneno mengi ya maendeleo ya akina mama. Hakujibu. Tukatuma tena vilevile. Kimya!

Basi nikaanza kumsoma. Mzee Abdalla, mwenye duka pale Mbumbuni, alifungia watu sukari kwa magazeti makuukuu, nami nikamwomba aniwekee yenye jina la Musyoki. Nikagundua hajawahi kuandika habari za kamati hata siku moja. Aliandika juu ya mtu. Kipofu anayefuga nyuki. Mwalimu anayebeba ubao mgongoni. Nikapanda basi hadi Machakos, nikamweleza kwa ufupi kwamba kuna wanawake wanaojenga bwawa kwa majembe na nyimbo, aje Jumatano na kamera ajionee.

Akacheka. "Sasa hiyo ni stori, mama," akaniambia. "Mbona hamkuandika hivyo tangu mwanzo?"

Alikuja kweli. Akapiga picha, akaimbiwa, akachafua viatu. Halafu akaniuliza mbele ya wote, hii kazi ilianzishwa na nani?

Ndugu zangu... ningesema, "Ni mimi." Maneno mawili! Lakini majembe yalikuwa bado yanashuka, wimbo ulikuwa bado kinywani, na nikajibu jinsi ngui anavyojibu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya rafiki yangu Ndinda kupika. Yeye aliolewa ng'ambo ya kilima, upande wa Kalamba, na tulipendana sana. Nikamnyoshea mkono nikasema, "Huyu Mama Kioko ndiye mama wa hii kazi! Bila yeye tungekufa kiu!"

Wenzangu wakapiga vigelegele. Kila mtu pale alijua ni sifa za kazini, kama tunavyomwambia mwenye ng'ombe mmoja kwamba zizi lake limejaa. Kila mtu isipokuwa Bwana Musyoki. Yeye aliandika. Kisha akamchukua Ndinda kando wakazungumza, nami nikadhani anauliza habari za muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyokuwa mekoni.

Gazeti lilipotoka, picha ya Ndinda ilijaa ukurasa. Maneno chini yake yalisema alianzisha kikundi kwa uchungu wa kumwona binti yake akiacha shule kwa sababu ya maji. Binti yake! Ndinda hakuwa na binti. Alikuwa na wavulana watatu, na wote walikuwa shuleni.

Nilivuka kilima nikamkuta akipepeta mahindi. Hakuinua macho.

"Si ni wewe ulisema, Mama Mwende?" akaniambia. "Mdomo wako ndio ulisema. Mimi ningemwambia mgeni eti wewe ni mwongo?"

Nikamwuliza, na mtoto? Akasema mwandishi alitaka mtoto wa kutia kwa stori, naye akampa wangu. Akaendelea kupepeta. Nilirudi nyumbani nikapika kama kawaida.

Wafadhili walikuja wameshika gazeti, wakimtafuta mama wa kwenye picha. Ndinda akawaonyesha bonde lililo chini ya shamba la mume wake. Nilijaribu kusema... Chifu akasema nina wivu. Mume wangu akasema ninyamaze nisivunje kikundi. Bwana Musyoki nilimfuata mpaka Machakos, akanijibu kwa upole kwamba aliandika nililolitamka mwenyewe. Ningebisha nini?

Bwawa likajengwa ng'ambo ya kilima. Kutoka kwetu, afadhali mtoni.

Siku ya kulifungua, nani aimbishe? Ngui alikuwa mimi. Wageni wameketi, Ndinda amejifunga leso mpya, wenzangu wananitazama. Mnadhani nilikasirika? Sikuhisi kitu. Nilifungua kinywa nikamwimba Ndinda, mama wa maji, na sauti ikatoka nzuri kuliko siku zote. Mwende alikuwa nyuma ya umati akiitikia pamoja na wengine.

Tukirudi, akaniuliza, "Mama, na shule sasa?" Nikamwambia tungoje kidogo. Tulingoja. Baada ya miaka miwili akaolewa, na sasa anachota maji ya watoto wake.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wenye vikundi, mwandishi msimpelekee majina ya kamati. Someni kwanza anayoyaandika. Mpeni mtu mmoja, na siku ya kuja, na jambo la kuona kwa macho yake. Hayo niliyafanya na yalifaulu, Mungu anisamehe kwa jinsi yalivyofaulu! Lakini akikuuliza, mjibu ukweli mkavu, kwa maana mgeni hajui sifa zenu za shambani, na yeye ndiye mwenye kalamu. Hata kama utachekwa, jitaje.

Na mama yeyote anayenisoma, ninakusihi... mtoto anayeteseka akiwa ni wako, simulia habari zake wewe mwenyewe. Mimi nilinyamaza, na mtu mwingine akapata maji kwa taabu ya mwanangu.