Taa Inayohesabu Watoto

Taa ya injini haikuwaka Kamanthe akiwa peke yake garini. Jambo hilo lilimkera kabla ya kumtisha. Angeweza kujaza magunia ya maharagwe hadi dirishani, aende nayo sokoni Machakos na kurudi, na dashibodi ikabaki nyeusi. Lakini asubuhi, watoto wakishaketi kiti cha nyuma, ile picha ndogo ya injini ilijitokeza, rangi ya chungwa lililoanza kuoza, ikakaa hapo hadi geti la shule.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, la miaka ya tisini. Alilinunua kwa Jeremiah wa Mumbuni, ambaye naye alilitoa Mombasa. Lilikuwa na harufu ya udi. Kamanthe alilisugua kwa sabuni ya unga mara tatu, harufu ikakaa palepale.

Tangu mumewe Wambua afe, Muli akiwa bado tumboni, Kamanthe alifanya kila kitu mbio. Kila asubuhi aliegemea paa la gari, akaingiza kichwa dirishani na kuhesabu. "Moja, Muema. Mbili, Linet. Tatu, Muli. Twende."

Mama mkwe wake, Mbinya, alisonya kutoka mlango wa jikoni.

"Watoto hawahesabiwi, Mama Muema. Hata mbuzi hatuhesabu. Tunawaangalia tu, tunajua nani hayuko."

"Mwaitu, mama yangu, siku ile Muli alibaki kanisani, wewe si ulikuwa unaangalia?"

Mbinya alifuta mikono kwa leso. "Basi waite majina, wakuitikie. Jina liko na mwenyewe. Namba haina mwenyewe. Anayeitaka anaichukua."

Kamanthe aliwasha gari. Taa ikawaka.

Fundi wake aliitwa Nzioka, na Kamanthe hakumwamini, kama alivyokuwa haamini fundi yeyote. Siku alipompelekea gari, watoto wakiwa ndani na sare zao za shule, alisimama karibu naye hadi akakanyaga kivuli chake.

"Unanichunga kama mwizi," Nzioka alisema.

"Fanya kazi."

Nzioka alicheka, akafungua boneti. Palikuwa na kisanduku cheusi chenye mashimo mengi madogo. Akachomeka ncha mbili za kipande cha waya kwenye mashimo mawili, akafungua swichi bila kuwasha injini.

"Gari za zamani hazitaki mashine ya kupimia. Zinakonyeza. Angalia hiyo taa. Ikikonyeza haraka bila kupumzika, hakuna ugonjwa. Ikikonyeza, ipumzike, ikonyeze tena, hiyo ni namba ya ugonjwa."

Taa ilikonyeza mara tatu. Ikapumzika. Ikakonyeza mara moja.

"Thelathini na moja. Ni kile kifaa cha kupima hewa." Alikibadilisha, kisha akachomoa fyuzi ndogo na kuishika kiganjani. "Sekunde kumi tu. Kompyuta yake inaishi kwa betri. Ukitoa hii, inasahau kila kitu."

Wiki iliyofuata Linet alikuwa Kangundo kwa shangazi yake. Taa ikawaka. Mbili, pumziko, moja. Nzioka akasema sasa ni kifaa cha ekzosi. Wiki nyingine Kamanthe alibeba pia mtoto wa Lavender, jirani yake. Nne, pumziko, moja.

"Hiyo ni ya kanyagio la mafuta," Nzioka alisema, akikuna kichwa.

"Kila wiki ugonjwa mpya? Nzioka, si uniambie tu unachomoa nini nisipoangalia."

"Haki ya Mungu, Mama Muema, hata mimi hii gari inanishangaza."

Usoni alionekana mkweli. Hilo lilimfanya Kamanthe amshuku zaidi.

Jumamosi, saa tano asubuhi, jua likiwa kali uani, Kamanthe aliamua kupima mwenyewe. Alikata waya, akauchomeka alivyoona Nzioka akifanya, akafungua swichi. Gari likiwa tupu, taa ilikonyeza haraka bila kupumzika. Akamwingiza Muema. Hakuna kitu. Akawaingiza Linet na Muli. Hakuna kitu. Akaanza kujisikia mjinga. Kisha, kwa mazoea tu, akaegemea paa.

"Moja, Muema. Mbili, Linet. Tatu, Muli."

Taa ikasita. Tatu. Pumziko. Moja.

Kamanthe alifungua mlango. Akamtoa Muli, akahesabu upya. Mbili. Pumziko. Moja. Akamtoa Linet. Moja. Pumziko. Moja.

Namba ya kwanza ilikuwa watoto wake.

"Na hiyo moja ya mwisho ni nani?" aliuliza Muema, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na tayari alikuwa ameelewa.

"Nyamaza." Alikuwa mtu wa kuhakikisha, alipima nguo mara mbili kabla ya kukata, na sasa hakuweza kuondoka bila kupima mara ya pili. Akawarudisha wote ndani, akafunga mlango, akahesabu kwa sauti, polepole, akimgusa kila mmoja kichwani. Matundu ya hewa ya dashibodi yakatoa pumzi ya udi yenye joto, ingawa injini haikuwa imewashwa.

Mbili. Pumziko. Mbili.

Aliwatazama. Watatu walikuwa pale. Ila Muli, ambaye hakuwahi kukaa dakika moja bila kuimba au kupiga teke kiti cha mbele, alikuwa ameweka mikono mapajani kama mzee kanisani.

"Muli?"

Mtoto alimwangalia, mdomo umefungwa. Ndipo maneno ya Mbinya yakamrudia, na Kamanthe akaanza kuita majina, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mbwa.

"Muema."

"Niko, Mama."

"Linet."

"Niko."

"Muli."

Midomo ya Muli haikusogea. Lakini sauti yake, ile nyembamba ya mtoto wa miaka minne aliyekuwa na mafua tangu Jumatatu, ilitoka mbele, nyuma ya dashibodi, mahali taa ilipokuwa ikikonyeza.

"Niko, Mama. Huku ni moto."

Linet akapiga kelele. Mbinya akatoka jikoni mbio, akawavuta watoto nje, akamkumbatia Muli aliyekuwa mlegevu na mtulivu, akinusa nywele zake, na nywele za mtoto zilinuka udi.

Nzioka, aliyepigiwa simu, alifika kwa bodaboda. Alisikia sauti ile mara moja tu na hakutaka kuisikia tena. Alifunua boneti, akafungua kifuniko cha fyuzi.

"Tunatoa hii. Sekunde kumi. Itasahau kila kitu, itamwachilia."

Kamanthe alikuwa amempigia Jeremiah simu muda huohuo, tayari kumtukana. Jeremiah hakungoja matusi.

"Umewahesabu watoto ndani yake?" aliuliza.

"Ulijua!"

"Yule aliyeniuzia Mombasa aliniambia nisihesabu kitu ndani ya hiyo gari. Nilidhani ni mambo ya mizigo. Niliwahesabu mwanangu Antony na wenzake tukienda harusi." Alipumua. "Antony akanyamaza. Alikuwa anakula, anatembea, lakini hasemi. Sauti iko kwa gari. Fundi wangu akasema tutoe fyuzi, ile kitu isahau. Tukatoa. Nikaingia ndani kumwambia mtoto tumemaliza."

"Halafu?"

"Nilimkuta kitandani. Alikuwa baridi. Mama, ile kitu ilisahau kweli. Ilimsahau na yeye."

Vidole vya Nzioka vilikuwa vimeshika fyuzi. Kamanthe aliiachia simu ikaanguka, akamrukia, akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na wote wawili wakakaa hivyo, wakiwa wameinama juu ya injini, wakitazama kile kipande kidogo cha plastiki ambacho nusu yake ilikuwa imeshatoka.

"Kirudishe," alinong'ona. "Polepole. Kirudishe."

Siku zilizofuata alikuja mchungaji na mafuta yake, kisha mganga wa Kitui na ubani wake. Kila mmoja alisema anaweza kukitoa kile kitu. Kamanthe aliwauliza swali moja: kikitoka, mtoto atabaki wapi? Aliwapa chai, akawaaga.

Gari lilibaki uani kando ya tangi la maji. Nzioka alimfundisha kuunganisha betri ya pili kwa nyaya kabla ya kuondoa ya kwanza, kompyuta isikae hata sekunde bila umeme. Majirani walishangaa mjane anayechaji betri za gari asiloendesha, huku watoto wakienda shule kwa miguu. Jioni aliketi kwenye kiti cha dereva akaita jina moja, akaitikiwa. Mbinya naye alimlisha Muli uji kwa kijiko, akimwita kwa jina kila kijiko, na mtoto akameza. Hakuna aliyehesabu chochote tena katika nyumba ile, hata mayai.

Jumamosi moja Kamanthe alikuwa akianika nguo. Asubuhi hiyo alikuwa amebadilisha betri, na mlango mmoja hakuufunga kwa ufunguo. Alisikia kicheko. Kilikuwa cha Muli, kile cha zamani, na kwa kitambo moyo wake uliruka kwa furaha, kabla hajageuka na kuona vichwa vitatu garini. Linet alikuwa ameegemea usukani, amejifunga kitambaa cha mama yake kichwani. Muema alikuwa nyuma pamoja na Muli.

"Linet! Tokeni humo!"

"Ni Muli ametuita, Mama!" Linet alijibu kwa furaha. "Ameongea! Anataka tucheze kwenda shule!"

Akageuka nyuma, akanyoosha kidole kama alivyomwona mama yake akifanya asubuhi zote zile.

"Moja! Mbili! Tatu! Twende!"

Kamanthe alikimbia, shuka lenye maji likiburuta vumbi nyuma yake, ufunguo wa gari ukimgonga pajani ndani ya mfuko wa aproni. Alifika dirishani. Harufu ya udi ilimpiga usoni, na kwenye dashibodi ile taa ilikuwa tayari imeanza.

Ikakonyeza mara moja.

Ikapumzika.