Mzee Onsongo Alilala Nje Jinja

Ndugu zangu wa Nyakoe na Manga, hasa ninyi ambao mmeshafunga mizigo ya safari, ketini kidogo mnisikilize. Mimi ni dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ndogo. Watu huniita daktari, nami nimechoka kuwakataza. Sina cheo cha kuwafundisha mila wala dini. Lakini jambo hili lilipita mlangoni kwangu wakati bado lingeweza kuzuiwa, nami nikaliacha likaenda zake.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 1951, Sabato mchana. Mzee Onsongo na mkewe Bosibori walikuwa wameketi uani kwao baada ya kula. Mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani, mvua ilikuwa imepumzika, na hakuna aliyekuwa mgonjwa nyumbani. Waliniita niwasomee barua ya mtoto wao Ombati, fundi seremala aliyekuwa Jinja, Uganda, kwa mwaka wa sita.

Barua ilisema hivi: “Njoni Disemba mpumzike mwezi mzima. Nina nyumba kubwa ya bati. Nyuma yake kuna nyumba ndogo ya wageni, hiyo ni yenu peke yenu. Kila kitanda kina chandarua.”

Niliisoma mara tatu, kwa kuwa mzee alitaka. Kila nilipofika kwenye nyumba ya wageni, alimtazama mkewe na kutabasamu. Msomaji wa mbali huenda asielewe. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kulala humo, na kitanda cha mwanawe hakigusi kabisa. Ombati alijua kwamba bila nyumba ya pembeni baba yake asingefunga safari, ndiyo maana aliijenga nyumba hiyo ndani ya barua.

Wiki iliyofuata mzee alikuja zahanati kuniuliza mambo ya safari. Nilimwambia wachemshe maji ya kunywa, wachukue barua ya chifu ya kuwatambulisha njiani, na zaidi ya yote anunue chandarua chake mwenyewe mjini Kisii. Sisi watu wa huku juu kwenye baridi, damu yetu haijaizoea homa ya mbu. Mtu wa ziwani huugua akapona. Sisi inatumaliza upesi.

“Daktari, si umesoma wewe mwenyewe?” alisema. “Kila kitanda iko na chandarua. Nikibeba yangu, mtoto atasema simuamini.”

“Basi tumwandikie kwanza, tumuulize mtalala wapi hasa.”

“Unataka nimuulize mtoto wangu kama yeye ni mwongo?”

Alicheka, nami nikacheka naye. Kicheko hicho bado kinaniuma.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Bosibori mwenyewe. Walisafiri siku mbili kwa basi, wakibadilisha Kisumu na Busia. Ombati aliwapokea stendi, akabeba mizigo, akatangulia mbele. Waliwasili kwenye jengo refu la vyumba kumi na viwili vilivyopangana, kila mlango familia yake. Mlango mmoja ulikuwa wa Ombati. Ndani kulikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja na chandarua kimoja. Mkewe Loice alisimama kando na mtoto mgongoni, akiangalia chini.

“Na nyumba yetu iko wapi?” Bosibori aliuliza.

“Mama, bado inajengwa,” Ombati akajibu.

Hapakuwa na hata tofali moja. Mzee Onsongo alielewa papo hapo. Hakumgombeza. Alizunguka nyuma ya jengo, akakuta kibanda cha kupikia, paa la mabati juu ya nguzo nne, bila ukuta hata mmoja. Akasema kinamtosha. Bosibori angeweza kulala chini ndani na mkamwana wake, na hivyo ndivyo alivyofanya, huku moyo ukimwuma.

Loice alijaribu, namsifu kwa hilo. Kwa kuwa mkamwana hasemi mambo kama hayo na mkwewe ana kwa ana, alipitia kwa Bosibori. “Mama, mwambie baba sisi tutatoka tulale nje na mtoto. Ninyi wawili mbaki ndani.”

Jibu lilirudi kwamba nyumba ya mwana ni nyumba ya mwana, hata mwana akitoka.

Loice akakishusha chandarua kile, akakikunja vizuri, akampa Bosibori akitundike kibandani. Mzee alikitazama kama anayetazama nguo za ndani za mtu mwingine. “Hiki kimefunika kitanda cha Ombati na mke wake,” alisema. “Mimi nijifunike nacho? Rudisha.”

Kikarudishwa. Mimi nilizaliwa katika mila hizi hizi na nimewaheshimu wazee wangu wote, lakini niliposikia habari hiyo nilipiga meza ngumi.

Majirani walipouliza kwa nini mzee analala kibandani, Ombati aliona haya kusema ukweli. Aliwaambia, “Baba yangu amezoea baridi ya milimani. Joto la ndani linamsumbua.” Wakamwamini. Nani angebishana na mtu juu ya baba yake mzazi? Bosibori alimsihi anunue chandarua kipya. Ombati alisema atanunua Jumamosi, kisha Jumamosi nyingine. Nadhani kila alipofikiria kukitundika kibandani aliona kwamba jengo zima litajua amemlaza baba yake pamoja na kuni.

Siku ya kumi na tatu mzee alianza kutetemeka. Alisema ni uchovu. Alikunywa uji kidogo, akatapika. Siku iliyofuata aliota jua tangu asubuhi huku meno yakigongana, bado anamwambia mkewe asimsumbue mtoto kazini. Siku ya tatu ya ugonjwa alimwita Bosibori kwa jina la mama yake aliyekufa zamani, akataka afunguliwe ng'ombe.

Bosibori alitoka mbio akipiga kelele. Aliyekuja wa kwanza alikuwa Odero, mtu wa ziwani, fundi wa kufua vyuma, aliyeishi mlango wa tatu. Alimbeba mzee mgongoni hadi barabarani, akasimamisha lori, akaenda naye hospitali. Madaktari walimpokea upesi na kumtibu walivyoweza, lakini homa ilikuwa imeshapanda kichwani. Alikata roho kabla ya jua kuchwa.

Pale nje ya wodi, Odero aliuliza ilikuwaje mzee wa watu akaliwa na mbu hivyo. Bosibori alikuwa hana tena nguvu ya kuficha. Akamweleza yote. Odero alimgeukia Ombati.

“Ndugu yangu, mimi niko peke yangu. Chumba niko nayo, kitanda niko nayo, chandarua niko nayo. Hata sisi kwetu mzee hawezi lala kwa nyumba ya kijana yake. Ningeenda kulala kwa rafiki. Mbona hukuniambia?”

Ombati alikaa chini hapo hapo kwenye saruji akalia kama mtoto.

Hapakuwa na njia ya kuurudisha mwili. Onsongo, mwenye shamba na migomba yake hapa Nyakoe, alizikwa ugenini kati ya watu ambao majina yao Bosibori hakuweza kuyasoma. Mama huyo alirudi kwa njia ile ile, peke yake. Ombati hajaja tangu siku hiyo. Mama yake hajamwita.

FUNZO

Wewe unayemwalika mzazi wako nchi nyingine, mwambie ukweli wa mahali unapoishi. Chumba kimoja si aibu. Kama mila haimruhusu kulala kwako, mwombe jirani kabla mgeni hajapanda basi, hata kama jirani si wa kabila lako, kwani huenda anaijua heshima hiyo kuliko unavyodhani.

Nawe unayesafiri, uliza utalala wapi, uulize mpaka ujibiwe, na ubebe chandarua chako hata ukiambiwa vimejaa huko. Mwanao akikasirika, mwache akasirike. Atakusamehe ukiwa hai.

Na sisi tunaoombwa ushauri tusicheke tukaishia hapo. Ningeweza kumpa mzee yule chandarua cha zahanati siku ile. Kilikuwepo, kimekunjwa kabatini, na hakuna aliyekuwa akikitumia.