Kitambaa Juu ya Mashine

Saa kumi alasiri, mashine ya pili ya gemu ilijizima yenyewe. Umeme haukuwa umepotea, kwa maana taa ilikuwa bado inawaka. Rufaida alikitazama kioo cheusi cha televisheni. Harufu ya plastiki iliyopata moto ilimfikia puani.

Kila akitoka shule, Rufaida, msichana wa miaka kumi na miwili, alimsaidia mama yake, Jawahir, katika chumba chao cha gemu mtaani Jericho. Watoto walilipia kila mechi, na aliyeshindwa alimwachia mwenzake nafasi. Kila Jawahir alipoingia chumba cha ndani kuswali alasiri, mlango wa nje ulifungwa na mashine zote mbili zikazimwa. Siku hiyo Rufaida hakutaka kuikatiza mechi yake. Feni ya mashine ya pili ilivuma kama kinu cha posho, na kati yake na mama palikuwa na pazia tu. Basi akakitwaa kitambaa cha kroshia kilichopamba televisheni, akakikunja, akaifunika mashine. Mvumo ukafifia, naye akaendelea kucheza hadi kioo kilipoingia giza.

Alikirudisha kitambaa mahali pake. Baadaye aliiwasha tena mashine, ikawaka. Lakini tangu siku ile ilijizima kila ilipochezwa kwa muda mrefu. Rufaida hakumwambia mama yake. Kwa kuwa yeye ndiye aliyewapanga wachezaji, aliwaelekeza kwenye mashine ya kwanza.

Ulikuwa mwaka wa mashine mpya. Rufaida alizifuatilia habari hizo kama wengine wanavyofuatilia ligi. Alijua ipi ilitoka mwezi gani, ipi ilicheleweshwa, ipi iligombaniwa ughaibuni na ipi ilidoda madukani. Alijua pia kwamba mpya ikitoka, za zamani hushuka bei. Mapema mwaka huo alikuwa amemwambia mama yake, "Tuiuze ile ya pili sasa. Mpya zikijaa mjini, hii yetu itakuwa andazi la jana." Jawahir alikubali, akaanza kuwaambia watu. Sasa mnunuzi alikuwa amepatikana.

Aliitwa Zedekiah Bwire, baba wa msichana aitwaye Triza, kibarua wa kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo. Alitaka kufungua chumba cha gemu mtaani kwake, Lucky Summer. Alikuja Jumamosi, akaijaribu mashine kwa mechi moja, kama ilivyo desturi ya biashara hiyo. Alicheza na Luseno, mvulana wa jirani mwenye mdomo.

"Nne bila, Baba Triza! Amka, mwachie mwenzako!"

"We kijana, shika adabu. Nimekuja kununua, sikuja kufungwa," Bwire alijibu akicheka. Akamgeukia Jawahir. "Mama Rufaida, haina shida yoyote?"

"Mimi sijaona. Muulize huyu binti yangu, ndiye anayeshinda nayo."

Rufaida aliitazama mashine. "Iko sawa," akasema.

Bwire aliibeba mashine, akaenda zake. Wiki ile Rufaida alikula nusu sahani na kusikia nusu ya somo. Kila simu ya mama ilipolia, alidhani ni Bwire.

Jumamosi iliyofuata Bwire alirudi, mikono mitupu.

"Sikuja kukulaumu, Mama Rufaida. Nielekeze tu kwa fundi mwaminifu. Mashine imeanza kujizima. Jana nimetoka kazini nikaikuta imezima, na Triza ndiye aliyekuwa nayo. Nadhani aliimwagia maji. Anakana, analia, lakini nitamwaminije? Wewe uliniuzia kitu kizima, binti yako alinihakikishia mwenyewe. Nimemwambia Triza asikanyage tena chumba cha gemu."

Rufaida hakuwahi kumwona Triza. Hata hivyo alijua jambo moja kwa hakika: Triza alikuwa akisema kweli.

"Baba Triza," alisema, "Triza hakumwaga maji. Ni mimi niliyeiharibu."

Alieleza yote: mechi, kitambaa, harufu ya moto, na namna alivyowaepusha wachezaji na mashine ile.

Jawahir alikaa kitini taratibu. "Mimi naswali, nawe unaifunika mashine nisisikie? Kisha namwambia mgeni akuulize wewe!" Akamgeukia Bwire. "Baba Triza, nisamehe. Twende na fundi sasa hivi. Isipotengenezeka, hela zako nakurudishia zote."

Huko Lucky Summer, fundi Ubaid aliifungua mashine mezani. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye feni, na dawa inayopakwa ndani ili kupitisha joto ilikuwa imekauka kama ukoko. Aliisafisha, akapaka dawa mpya.

"Hii inahitaji hewa," alimwambia Rufaida. "Ukiifunika inajipika matumbo. Kroshia ni ya meza, mdogo wangu."

Triza alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Rufaida alimwendea. "Nisamehe, Triza. Umelaumiwa kwa kosa langu."

Triza alimtazama baba yake. "Nilikwambia, Baba."

"Uliniambia, mwanangu. Nimekosa," Bwire alisema. "Ingia."

Jawahir alimshika bintiye begani. "Unajua mashine zote zilizotoka mwaka huu, lakini hili hukulijua. Mashine ilipozidiwa na joto ilijizima, haikuficha. Wewe ulizidiwa na kosa ukalifunika, likamuunguza mtoto wa mwenzio. Kosa likisemwa mapema hutengenezwa kwa kazi ndogo. Hutacheza hadi shule zifungwe, na akija mnunuzi mwingine, wewe ndiwe utakayemweleza kasoro zote."

"Ndiyo, Mama."

Triza aliketi mbele ya televisheni, akaanza kucheza. Mechi ya kwanza ikaisha, ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Bwire aliweka kiganja nyuma ya mashine. Hewa ilitoka vuguvugu. Ilipofika saa kumi alasiri, feni ilikuwa bado inazunguka na kioo kilikuwa bado kinawaka.